Miguu ya Koko, Siku ya Ine Kuu

Mwaka ule koko yangu, baba ya mama yangu, aliachaka kwenda shamba juu ya kutunza miguu yake. Minasema ukweli. Maharagi ilikuwa inaomba mutu wa kupalilia, mbuzi ya majirani ilikuwa inajilisha majani ya mihogo, na yeye, muzee muzima wa mutaa ya Bungulu, mwenye batu bote balimujua na matope mpaka mu magoti, alikuwa anakaa ku kiti mbele ya nyumba na soksi. Soksi ya kizito, mu jua ya Beni. Mukaka, ni vile sisi Banande tunaitaka mama ya mama, akapita mbele yake na jembe ku bega, akamuuliza kama anatafuta bibi wa pili. Koko akajibu kama iko mu kazi ya kanisa.

"Kazi ya kanisa ya kukaa?" Mukaka akacheka, akaenda shamba peke yake.

Bon, niwaelezee. Ku parokia yetu, Siku ya Ine Kuu, ile Alhamisi ya mbele ya Paska, padri ananawishaka batu kumi na mbili miguu, sawa vile Yesu alifanyia banafunzi bake. Na ile batu haitoke hivi hivi. Inatoka mu mashirika. Shirika ni majirani benye banasalaka pamoja mu manyumba, wiki hii kwangu, wiki ingine kwako. Ku parokia mashirika ilikuwa kumi na mbili kabisa, donc kila moja inatuma mwanaume mumoja wa kunawishwa.

Mais hakuna mutu mu Beni muzima mwenye anaweza kupelekea padri miguu ya buchafu. Utasema nini kwa Mungu? Basi ukichaguliwa, unajinawa nyumbani. Unasugua na jiwe ya muto, unapakala mafuta ya mawese, unakata kucha, unavaa soksi mupya na viatu yenye inakufinya. Siku ikifika, padri anamwanga mayi ku kitu yenye iko safi kuliko mikono yake mwenyewe. Mimi nilikuwaka napiga ngoma mu korali, nilikuwa karibu, niliona na macho yangu: ile mayi inaingia mu basini safi na inatoka safi. Ungeweza kupika nayo chai.

Jirani yetu wa ngambo ya njia alikuwa Muislamu, anauzisha viatu yenye inatokea Uganda. Alipenda sana kutucheka. Alisemaka: sisi tunanawaka miguu kila siku, mara tano, na hakuna mutu anatupigia ngoma, nyinyi munanawa mara moja kwa mwaka na munaleta korali. Koko alikasirikaka kidogo, kisha anaenda kunywa kahawa kwake.

Sasa, muelewe kwa nini koko alikuwa na furaha vile. Mu shirika yetu, mwenye alichaguliwaka ni mutu wa uzito. Mwaka moja ni ule alitoa mabati ya kapela. Mwaka ingine ni mwenye kamyo ya kubeba bidhaa ya Kasindi. Mwaka ingine ni presida wa shirika mwenyewe, mufanyabiashara wa mafuta ya mawese, mutu wa koti, alijichagula na akasema hakutaka, ni batu balimulazimisha. Koko, yeye, alikuwa mutu wa mabanki. Kila wiki shirika inahama nyumba, na mabanki, ile viti mirefu ya kukaa, inahama nayo, na mwenye kubeba ni koko. Jua, mvua, vita, koko iko njiani na banki ku kichwa. Nilikuwa namuambia kama siku akikufa, ile mabanki itajipeleka yenyewe, inajua njia. Alifanya vile tangu mbele mimi nizaliwe. Na njo yeye alichimbaka kaburi ya batu, na njo yeye alikuwa wa kwanza kufika kwenye mugonjwa. Mais jina yake haikufika ku padri hata siku moja, juu mabanki haina sauti.

Mwaka ule mama moja mu mukutano akasema tu: na huyu muzee? Batu bakaangaliana sawa bameamushwa. Presida akakohoa, akatafuta jina ingine, haikuonekana. Koko akapita.

Alirudi nyumbani. Akakula. Kisha akaomba mukaka jiwe ya kusugulia masufuria.

Ilikuwa wakati wa vita, na mu Beni vita ilikuwa sawa mvua: hauiulize juu ya nini, unauliza tu kama leo itanyesha. Baaskari ba leo wanaweza kuwa bengine kesho, na bale ba juzi banarudi wiki ijayo na bendera ingine. Tulizoea kusalimia kila mutu na "chef", ni kusema mukubwa. Misa ya mangaribi ilikuwa inasaliwa saa tisa, juu jua ikishuka kila mutu awe kwake. Mais nikikumbuka ile siku, haiko bunduki inakuja ku kichwa yangu. Inakuja arufu ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, na ngoma yangu yenye ngozi ilikuwa inalegea na mvua, na mukaka mwenye anaimba na sauti yenye iko nyuma ya bengine kila mara, sawa mutu anafuata gari na anaita.

Siku ya Matawi njo batu balianza kuingia. Balitokea njia ya Mangina na mbele ya Mangina, kule mu pori. Balikimbia. Mama na godoro ku kichwa, batoto na kuku chini ya mukono, wazee na sufuria. Bakajaza masomo, shule ya parokia, kila kalasi familia tano, sita, na bengine mu veranda. Kila shirika ikaanza kupika. Mukaka alipeleka fufu na maharagi, mimi nilibeba bidon za mayi. Nilikuwa nimeisha maliza masomo ya primaire zamani, kazi yangu ilikuwa kwado, kupiga pumpu na kubandika mapira ya baiskeli na mapikipiki ku rond-point, fasi manjia inakutana. Hakuna pikipiki ilikuwa inapita, njia ilikuwa imefungwa. Basi nilikuwa na nguvu ya bure.

Misa ya ile siku, padri akasimama na sauti ndogo. Akasema kama mwaka huu, miguu yenye itanawishwa ni ya hawa benye balitembea. Batachagula kumi na mbili ku masomo, wanaume na wanamuke. Watu bakaanza kunungunika kidogo kwa ile neno "wanamuke", hasa bazee. Padri akangoja banyamaze. Kisha akasema bale mashirika ilichagula balichaguliwa kwa kazi. Batashika basini, bananawisha pamoja na yeye.

"Mutoto anangojaka bamunawishe," akasema. "Mutu mukomavu ananawisha mwenzake. Mu imani ni vile vile."

Nikaangalia koko. Alikuwa ku banki ya tatu, na koti ya harusi yake, na ile soksi. Uso yake ikafunga sawa duka siku ya baaskari.

Kufika nyumbani, akavua soksi moja, akaitupa. Akavua ya pili, akakunja, akaweka mufukoni, sijui juu ya nini. Presida akapita kumusalimia, akamuambia kwa furaha yote kama sasa heshima imeongezeka, kunawisha ni kubwa kuliko kunawishwa, Yesu mwenyewe. Koko akamuitikia ndiyo, ndiyo. Presida alipotoka, koko akakaa chini, akaangalia miguu yake yenye ilikuwa inangaa, na akasema, haiko kwangu, haiko kwa mukaka, akasema tu:

"Mimi nimeisha tumika. Siku moja tu nilitaka nikae, mutu aniinamie. Siku moja."

Mukaka akaacha kupepeta muchele. Mimi nilikuwa na mzaha tayari ku mudomo, nikaimeza. Iko mara chache nilimeza mzaha, donc muelewe.

Kutoka siku ile hakuenda shamba tena, mais sasa juu ya kukasirika. Alirudisha viatu vya Uganda kwa jirani, viatu vyeusi vyenye jirani alimuazimaka juu ya kunawishwa. Jirani akasikia yote, juu mu quartier, mutaa yetu, ukuta haina kazi. Akakataa kuipokea. Akamuambia avae tu: ukipiga magoti mbele ya batu, benye beko nyuma yako banaona nini? Nyayo. Ni sasa zaidi unahitaji viatu ya muzuri, muzee. Koko karibu acheke. Karibu. Mais akasema haendi. Batafute mwingine, mabanki batabeba benyewe, na makaburi bachimbe benyewe, apumzike.

Siku ya Ine Kuu ikafika. Saa munane mukaka akavaa kikwembe ya kanisa, akaweka sufuria ya maharagi ku kichwa juu ya kupitia kwanza ku masomo. Akasimama mu mulango.

"Ile miguu sasa utaipeleka wapi?" akamuuliza bwana yake. "Ku maonyesho?"

Koko akarudisha miguu chini ya kiti. Mukaka akaenda.

Tukabaki sisi wawili. Nilipaswa kuwa ku korali, ngoma ilikuwa inaningoja. Nikamuangalia. Hakuwa na uso ya hasira tena, ilikuwa uso ya mutu mwenye alipanda mu muti na hajue kushuka. Nikamuambia: "Bon, koko. Shirika haiwezi kukosa mutu. Nitaenda mimi pa fasi yako."

Akaangalia mikono yangu. Muelewe mikono ya kwado: grisi mu kila musitari, kole nyeusi ya kubandikia chini ya kucha, arufu ya mpira mpaka ku kiwiko.

"Na ile mikono?"

"Njo ile niko nayo. Wale mama batanawishwa mara ya kwanza na mimi, mara ya pili na sabuni."

"Unapigaje magoti, na ile suruali yenye imepasuka nyuma?"

"Jirani alisema batu ba nyuma banaona nyayo. Mimi nitabaonyesha zaidi."

Koko akasimama. Muelewe huyu mutu: hakuweza kuona kazi inafanywa mubaya. Hata ukichimba shimo ya takataka, anakunyanganya chepeo. Akasema ni haya kwa shirika, ni haya kwa kanisa, akavaa viatu, akachukua basini ya mukaka yenye inafulia manguo, na akatoka mbele yangu akinitukana polepole mu Kinande mpaka ku parokia. Sijawahi kutukanwa na furaha vile.

Tulifika katikati ya misa, padri amemaliza kuhubiri. Mbele ya altare, bale kumi na mbili balikuwa beko kwa mabanki, na mbele ya kila mumoja mutu wa shirika na basini. Presida wetu alikuwa amesimama pa fasi ya koko, anavua koti polepole, sawa mutu anavua ngozi. Kuona koko, akaivaa haraka na akarudi kukaa. Nikakamata ngoma. Korali ikaanza.

Mwenye alibakia kwa koko alikuwa mama muzee, mwembamba, anatoka mbele ya Mangina. Alikuwa amefunika miguu na kikwembe, anaishika na mikono mbili. Bengine bote balitoa miguu, yeye hapana. Koko akapiga magoti, akangoja. Mama akainama, akamuambia kitu. Nilikuwa karibu, nilisikia:

"Baba, mwanga tu mayi kidogo, upite."

"Toa mama."

"Nina haya, baba."

Koko akashika kikwembe na vidole viwili, sawa mutu anafunua mutoto mwenye kulala, na akafunua. Ile miguu, wapenzi. Funza ilijaza vidole, ingine ilikuwa imevimba nyeupe na kichwa nyeusi katikati, kucha ingine haiko. Alisema baadaye alilala mu manyumba ya mbuzi njiani, usiku kwa usiku, njo ilimuingia.

Ilikuwa ya kumwanga mayi, kupanguza, kubusu mguu, kwisha. Njo vile bengine balifanya. Mayi ya mwaka ule, nitasema, haikuwa ya kupikia chai. Ilikuwa nyeusi. Mais bote bakamaliza, padri naye akamaliza, akasimama kuendelea. Koko hakuona hata kama padri amesimama. Alikuwa ameshika ule mguu ku magoti yake, anauangalia, macho yamekunjwa, na mimi nilijua ule uso. Ni uso ya kazi.

Akageuka ku korali, akauliza kama nani iko na pini.

Korali ikaendelea kuimba, juu hatukujua kama tuache. Mama moja wa soprano akatoa pini yenye ilikuwa inashikilia alama ya chama cha wanamuke ku kifua yake, akaituma, ikapita mikono kwa mikono. Koko akaipitisha mu moto wa mushumaa wa altare, akapangusia ku shati, na akaanza kutoa funza. Mbele ya Sakramenti. Mu misa.

Bazee bakaanza kukohoa. Presida akakuja ku vidole, akainama, akamuambia ku sikio kama padri anangoja, hii itafanywa kisha misa. Koko akamujibu bila kuinua kichwa kama mayi imechafuka, alete ingine. Presida akaangalia mayi. Kisha akachukua basini na akatoka kuimwanga. Njo mara ya kwanza nilimuona na kitu ku mikono yenye haikuwa simu ya satelite ao kikombe.

Padri akakaribia. Tukangoja akasirike. Akaangalia mguu, akaangalia koko, akauliza: "Bado mingi?"

"Endelea, padri. Mimi sijamaliza."

Padri hakuendelea. Akakaa ku ngazi ya altare, na kanzu yake nyeupe yote, sawa mutu anangoja gari. Basi sisi tukaimba. Tulikuwa na nyimbo mbili za kunawisha miguu. Tukaziimba. Tukazirudilia. Mwenye bass akapoteza sauti, akabaki kufungua mudomo tu. Batoto ba badeplase, bale benye balikimbia, balikuwa bameisha kujua maneno, bakaanza kuimba kutushinda. Na mukaka yangu, kule nyuma, alikuwa anatufuata na sauti yake ya mwisho, na mara ile, juu tulirudilia sana, akatufikia. Tukaimba pamoja.

Mama muzee alikuwa amezungusha uso, anauma kikwembe. Haikuwa maumivu. Mara moja koko akamuuliza kama anaumia, na mama akasema hapana, akasema:

"Baba, kwetu ni mimi nilikuwaka nafagia kanisa. Tangu mutoto. Sijawahi kukaa vile."

Koko akasimamisha pini. Akamuangalia uso, nafikiri mara ya kwanza. "Mimi ni wa mabanki," akasema. Ni yote. Akarudilia kazi. Na mama akaacha ile kikwembe, akaweka mikono ku magoti, na mguu yake yenye ilikuwa ngumu sawa mti ikalegea mu mukono ya koko.

Hakuna mutu alinifundisha ile kitu mu katekisimu. Nilijuaka kama kutumikia ni nguvu na kunawishwa ni mapumziko. Kumbe ule mama alikuwa anafanya kazi kubwa kuliko koko: kukaa, na kuacha.

Tulimaliza misa na jua inakaribia kushuka, kila mutu akakimbilia kwake mbele ya baaskari. Njiani mukaka akamuuliza koko tu kama basini yake iko wapi. Alikuwa ameiacha ku parokia, na aliiacha makusudi.

Kesho yake, siku ya tano, siku ya mateso ya Bwana, siku yenye hakuna kazi, koko akapotea asubui. Nikamukuta mu kiwanja ya masomo, amekaa ku banki ya shirika yenye alibeba mwenyewe, basini kando, sabuni, pini ya mama wa soprano, kichupa ya petroli ya kupakala. Na mbele yake mustari ya batoto na bazee, mpaka ku kisima. Viatu ya Uganda alikuwa amevua. Miguu yake yote ilijaa matope, ile miguu ya mawese, na hakukuwa mutu wa kuililia.

Kazi yangu ikawa kushika batoto. Kushika peke haitoshi, anapiga mateke. Inaomba umuchekeshe. Nilibaambia funza ya Mangina inasemaka Kilingala, basikilize. Nilibaambia koko alikuwaka anataka kuwa docteur mais kichwa ilikuwa imejaa mabanki. Mutoto anacheka, koko anatoa funza, kwisha, mwingine. Sijui kama iko zawadi ya Roho Mutakatifu ya kuchekesha, katekista hakuitaja. Mais siku ile ilitumika kabisa.

Saa ya jua kali presida akafika na koti yake. Akasalimia, akakohoa, na akasema shirika ilisikilizana: mwaka kesho fasi ya kunawishwa ni ya koko, hakuna mwingine, ameistahili muzee, ni haki yake. Mwaka kesho wenyewe tulikuwa tumeisha kimbilia Butembo, huku niko mpaka leo nabandika mapira, na koko hakunawishwa hata siku moja mu maisha yake. Mais ile saa nani alijua. Presida alikuwa anasema ukweli, na machozi kidogo.

Koko alikuwa na pini katikati ya meno. Hakuweza kusema. Na kidevu akamuonyesha kasichana kamoja kenye kalikuwa kanalia, kanakataa, mimi nilikuwa tayari na mwingine mu mikono. Presida hakuelewa. Koko akaonyesha tena. Basi mutu wa koti akakunja suruali, akachuchumaa mu matope, akakamata ule mguu, na kasichana kakamupiga teke mu tumbo.

Koko akatoa pini ku meno.

"Mikono mbili," akamuambia. "Kamata na mikono mbili."